Mashua Huzama Ikiwa Bado Ukingoni



Katika masoko ya Lubumbashi samaki wa kukaushwa hutufikia wakiwa ndani ya magunia na vikapu vilivyoshonwa vizuri, nasi tunaonunua huwa na swali moja tu mdomoni: bei gani? Tukisha kupunguziwa kidogo tunarudi nyumbani, bukari inasongwa, na habari ya samaki inaishia hapo. Lakini baadhi ya samaki hao wametoka katika maji ya mto Lualaba na maziwa yake, mbali upande wa kaskazini. Kabla ya kupakiwa katika gari-moshi au lori, wamesafiri siku kadhaa juu ya mto ndani ya mashua ya mbao. Pamoja nao wamesafiri watu: mama wa biashara, mwanafunzi anayerudi shule, mgonjwa anayetafuta hospitali, mtoto aliyebebwa mgongoni.

Tunapenda leo kutafakari pamoja nanyi juu ya safari hiyo. Tunafanya hivyo kwa sababu wengi wenu mna babu na bibi katika vijiji vya mto, na likizo zikifika baadhi yenu hupanda mashua hizo. Tunafanya hivyo pia kwa sababu kila mwaka tunasikia habari za vyombo vilivyozama katika mito na maziwa ya nchi yetu, tunasikitika, tunaomba misa kwa ajili ya marehemu, kisha tunasubiri habari nyingine ya namna ile ile. Tunachokiamini tunakisema mapema: mashua nyingi zinazopotea huwa zimekwisha kupotea zikiwa bado ukingoni, saa ile ya kupakia. Kwa hiyo kuokoa maisha ya wasafiri kunaanza na watu wanaothubutu kusema neno saa ile, kabla kamba haijafunguliwa.

Tuanze kwa kuijua njia yenyewe. Lualaba huzaliwa kusini mwa Katanga ya zamani, karibu na mpaka wa Zambia, na huteremka kwa maporomoko mengi mpaka Bukama. Kuanzia Bukama, katika jimbo la Haut-Lomami, mto hutulia na kuwa njia ya vyombo mpaka Kongolo, katika jimbo la Tanganyika, mwendo wa kilomita zipatazo 640. Chini ya Kongolo unabanwa tena na mawe, mahali ambapo wageni wa zamani walipaita Mlango wa Jehanamu. Reli iliyotoka Élisabethville, yaani Lubumbashi yetu, ilifika Bukama mwaka 1918, na tangu wakati huo mji huo mdogo umekuwa mahali ambapo reli na mto hupeana mikono. Meli za moshi zilipokea pale watu na mizigo zikaenda nazo kaskazini. Siku hizi kazi kubwa ya kuchukua watu na mizigo imeziangukia mashua za mbao.

Tusidhani kwamba mto huo ni pori lisilo na historia. Kando ya Ziwa Kisale, mahali panapoitwa Sanga, mtaalamu Jacques Nenquin alichimbua makaburi ya kale katika miaka ya 1957 na 1958, na wengine wakaiendeleza kazi hiyo baada yake. Walikuta vyungu vilivyofinyangwa kwa ustadi, na mapambo na vyombo vya shaba na vya chuma. Watu walioishi hapo zaidi ya miaka elfu moja iliyopita walivua, walifua chuma na walifanya biashara na watu wa mbali, maana shaba haikuchimbwa kando ya ziwa lile. Kwa hiyo kijana wa Lubumbashi anayemcheka mwenzake kwamba ametoka “kule majini” amcheke kwa hadhari. Huenda kule majini kulikuwa na mafundi wakati mji huu ulikuwa bado vichuguu na msitu.

Sasa tuitazame safari. Anayeondoka Bukama kuelekea kaskazini huanza kwa subira, kwa sababu mashua haina saa ya kuondoka. Huondoka inapojaa. Vyombo ni vya aina mbili. Kuna mtumbwi, ambao wenyeji huuita bwato, uliochongwa katika gogo moja la mti, unaoendeshwa kwa kafi penye kina na kwa upondo penye maji haba. Tena kuna mashua kubwa ya mbao zilizopigiliwa misumari, nafasi kati ya ubao na ubao zikizibwa kwa nyuzi na lami, ambayo watu huiita balenieri. Hii ya pili mara nyingi hufungwa mashine nyuma yake, na ndiyo inayobeba magunia na wasafiri kwa makumi. Ikishuka inachukua chumvi, sabuni, sukari, nguo na dawa. Ikipanda inachukua samaki, mahindi, mihogo na mafuta ya mawese.

Baada ya Bukama mto huingia katika bonde la Upemba, na hapo maji hutawanyika yakawa maziwa na mabwawa: Upemba, Kisale, Kabamba na mengine madogo. Mafunjo husimama pande zote kama ukuta. Vipande vya mafunjo hukatika vikaelea, na wako wavuvi waliojenga vibanda vyao juu ya visiwa hivyo vinavyotembea. Msafiri asiyezoea hushindwa kujua mto umeishia wapi na ziwa limeanzia wapi. Nahodha anajua, kwa kuwa alifundishwa na baba yake kusoma rangi ya maji na mwendo wa majani juu yake. Mbele husimama kijana mwenye upondo. Anapima kina na kupaza sauti, na nyuma kule mkono wa nahodha unageuka kwa kuifuata sauti hiyo. Wakati wa kiangazi mchanga huhamahama chini ya maji, na mashua iliyopita juzi bila shida leo inakwama. Hapo wanaume hushuka, maji yakiwa kiunoni, wakasukuma. Wakati wa mvua kina kipo, lakini mto huwa mpana, na upepo ukivuma katika ziwa wazi hakuna mti wa kuukinga.

Siku hufuatana hivyo. Malemba-Nkulu, Mulongo, kisha Ankoro, ambapo Luvua inayotoka Ziwa Moero hujiunga na Lualaba. Baadaye Kabalo, yenye reli ya kwenda Kalemie, na mwisho Kongolo. Katika kila kijiji watu huteremka na wengine hupanda. Jioni nahodha mwenye busara hufunga kamba mtini, moto unawashwa nchi kavu, sufuria moja inalisha watu ambao asubuhi hawakujuana majina. Mtoto wa mwingine hulazwa kwenye kitenge cha mwingine. Mzee husimulia, vijana husikiliza, kwa kuwa hakuna jambo jingine la kufanya. Sisi tulio walimu twaona kwamba siku tatu za namna hiyo humfundisha kijana mambo ambayo darasani tunayatamka tu: kungoja, kugawana, kunyamaza mbele ya anayejua zaidi.

Hatuisemi safari hii ili kuwaogopesha, wala hatuko upande wa wale wanaosema kwamba mashua za mbao zipigwe marufuku. Zikiondolewa leo, vijiji vingi vya mto vitabaki bila chumvi na bila dawa, na mgonjwa wao atakufa kitandani kwake badala ya kufika hospitalini. Tena si mbao zinazoua. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko MV Nyerere kilipinduka katika Ziwa Viktoria, nchini Tanzania, kikikaribia kutia nanga katika kisiwa cha Ukara. Kilikuwa cha chuma, na kilikuwa mali ya serikali. Kiliruhusiwa kubeba watu 101. Waliokufa peke yao walizidi 220. Na hapa kwetu, tarehe 3 Oktoba 2024, chombo MV Merdi kilichotoka Minova kilizama katika Ziwa Kivu kikiwa karibu na bandari ya Kituku, mjini Goma. Watu waliokuwa wakiwangojea ndugu zao ukingoni waliona kwa macho yao.

Mtazame jinsi jambo lenyewe linavyotokea, maana kulielewa ni nusu ya kuliepuka. Mashua iliyopakiwa kwa kiasi huwa na ubao wa kutosha juu ya maji. Wimbi dogo likija, linaupiga ubao na kurudi. Kila gunia linaloongezwa huishusha mashua kidogo, mpaka ukingo wake unakaribiana na maji, na hapo wimbi lile lile dogo linaingia ndani. Maji yakisha kuingia hayatulii mahali pamoja: mashua ikiinama kushoto yanakimbilia kushoto, yakazidi kuiinamisha. Tena magunia yakirundikwa juu na watu wakaketi juu ya magunia, uzito wote unapanda juu, na chombo kinakuwa kama mtu aliyejitwika mzigo mrefu kichwani. Likitokea jambo la kushtua, kiboko ameibuka au mashine imezimika, watu wote husimama na kukimbilia upande mmoja. Kinachofuata hakichukui hata dakika moja. Ndiyo sababu ajali nyingi hutokea karibu na nchi kavu: watu wameona nyumba zao, wamesimama ili washuke wa kwanza.

Kuna na hatari ya moto. Mwezi Aprili 2025 mashua ya mbao HB Kongolo iliwaka moto karibu na Mbandaka, katika jimbo la Équateur, kisha ikapinduka. Wakubwa wa mto walieleza kwamba moto ulianza mtu alipokuwa akipika ndani ya mashua. Penye mbao, lami, mashine na mafuta yake, cheche moja yatosha.

Sasa rudini pamoja nasi ukingoni, saa moja kabla ya kuondoka. Mashua imejaa. Anakuja mama mwenye magunia mawili: “Ongezeni haya tu.” Anakuja askari mwenye jamaa yake, naye hawezi kukataliwa. Anakuja mwanafunzi asiye na nauli kamili. Watu wanamwonea huruma. Kila mmoja ana sababu nzuri, na kila mmoja ni mmoja tu. Nahodha anautazama ukingo wa mashua. Anajua. Lakini mwenye mashua amemtaka fedha za mafuta, na akikataa yeye, mwenziwe atakubali. Wasafiri walioketi tayari nao wanajua, maana maji wanayaona yalipofika. Wananyamaza, kwa kuwa kila mmoja wao aliongezwa vile vile. Katika kimya hicho ndimo mashua inamozama. Mto hutimiza tu baadaye kilichokwisha kukubaliwa.

Wengine watatujibu kwa methali: chombo cha kuzama hakina usukani. Watasema saa ya mtu ikifika imefika, kwamba Mungu ndiye ajuaye. Neno hili tunalisikia sana, hata vinywani mwa Wakristo, nasi tunaliona kuwa baya kwa sababu limevaa nguo za imani. Shetani alipomwambia Bwana wetu ajirushe chini kutoka kinara cha hekalu, kwa kuwa malaika wangemdaka, Bwana alikataa, akaliita jambo hilo kumjaribu Mungu. Anayepakia watu mia katika chombo cha watu hamsini, kisha akapiga ishara ya msalaba, anafanya kile kile ambacho Bwana alikikataa. Wazee waliotuachia methali ile walituachia na nyingine: tahadhari kabla ya hatari. Mbona hii ya pili hatuikumbuki bandarini?

Someni kwa makini sura ya 27 ya Matendo ya Mitume. Mtume Paulo, akiwa mfungwa, anasafirishwa kwa merikebu kwenda Roma. Wamefika Krete, majira mazuri ya safari yamepita. Paulo anawaonya kwamba wakiendelea watapata hasara, si ya mizigo na merikebu peke yake, hata ya maisha yao. Lakini akida Yulio anawasikiliza zaidi nahodha na mwenye merikebu, na watu walio wengi wanashauri waondoke, kwa kuwa bandari ile haikuwafaa kukaa wakati wa baridi. Tazameni jinsi mambo hayajabadilika: mtu anayejua, mwenye chombo anayetaka kuondoka, wengi wanaochoka kungoja. Tufani ilipowashika walianza kutupa mizigo baharini, na mwisho wakaitupa hata ngano. Kile ambacho hakuna aliyekubali kukipunguza bandarini, wote walikipunguza kwa mikono yao wenyewe katikati ya bahari. Watu 276 waliokoka, na merikebu ikavunjika. Neema ya Mungu ilikuwapo. Haikumfanya Paulo aone kwamba onyo lake la kwanza lilikuwa kazi bure.

Lipo pingamizi zito kuliko hilo la majaliwa, nalo ni la umaskini. Mtu akiiacha mashua hii, labda nyingine itapita baada ya juma moja. Samaki wake wataoza, mgonjwa wake atazidiwa, mtihani utampita. Hatuwezi kumlaumu aliyepanda kwa sababu ya shida, na asiwepo mtu wa mjini, aliyeshiba, anayesema kwamba watu wa mto wanajitakia. Mtu mmoja akikataa peke yake, anaachwa ukingoni na mzigo wake, na mashua inaondoka vile vile. Hilo ni kweli. Lakini kutokana na ukweli huo twapata somo jingine: kukataa kwahitaji wengi. Wasafiri kumi wakishuka pamoja na nauli zao, mwenye mashua anabaki bila safari. Sisi tumezoea kusema kwamba wanyonge hawana sauti. Bandarini wanayo, nayo ni nauli. Hawajazoea tu kuitumia pamoja.

Nanyi mnaokaa mjini msidhani hamhusiki. Katika mashua ile magunia mengi yana mwenyewe, na mara nyingi mwenyewe yuko Lubumbashi, Likasi au Kolwezi, ametuma fedha kwa simu na anataka mali yake upesi. Anayemhimiza nahodha si mto. Ni sisi. Tufanye hesabu ndogo ya mfano. Tuseme mashua imezoea kubeba magunia 50, lakini kwa usalama yafaa ibebe 40. Gharama ya safari ni ile ile. Ikigawanywa kwa magunia 40, nauli ya kila gunia inapanda kwa robo moja. Nauli yenyewe ni sehemu tu ya bei ya samaki, kwa hiyo sokoni ongezeko litakuwa dogo kuliko hiyo robo. Hata hivyo litakuwapo, na maskini wa Kenya au wa Katuba ataliona. Hatuwafichi jambo hili: usalama una bei, na bei hiyo itafika katika sufuria zetu. Tunauliza tu: leo bei hiyo inalipwa na nani? Inalipwa na mtoto wa mgongoni.

Yupo mtu mmoja wa mbali ambaye habari zake zawafaa vijana wa mjini. Samuel Plimsoll alikuwa mfanyabiashara wa makaa ya mawe nchini Uingereza, akawa mbunge wa Derby. Hakuwa baharia. Aliona kwamba wenye merikebu walizipakia kupita kiasi, tena wakiwa wamezikatia bima kubwa, hata kuzama kwao kusiwe hasara. Baharia aliyekwisha kutia sahihi ya kazi, kisha akakataa kupanda chombo kibovu, alifungwa gerezani. Mwaka 1875 Plimsoll alipandwa na hasira bungeni, akawaita wapinzani wake waovu, akatolewa nje. Mwaka uliofuata, 1876, sheria ilipita: kila merikebu ichorwe ubavuni alama ya kuonyesha mwisho wa mzigo. Mwanzoni wenye merikebu waliachiwa kuchagua wenyewe mahali pa kuchora alama hiyo, na mapambano yaliendelea miaka mingi mpaka mahali pake pakawekwa na sheria. Leo mstari ule umechorwa katika meli za mizigo duniani kote. Rangi kidogo tu ubavuni: maji yakiufikia, kupakia kumekwisha, hata aje nani.

Nasi twaweza kuanza na rangi. Katika miji ya mto kuna parokia, na parokia zina vijana, na kati yao kuna mafundi seremala wanaojua mashua. Vijana hao, wakikaa na manahodha, wenye mashua na wakuu wa bandari, waweza kukubaliana juu ya mstari wa kila chombo. Manahodha wazee watajua mahali pa kuuchora kuliko sisi. Mstari una faida moja kubwa: unamwondolea nahodha aibu ya kukataa. Hasemi tena “mimi sitaki kukuchukua.” Anasema “mstari umeshiba.”

Kuna mambo mengine yasiyohitaji fedha nyingi. Orodha ya wasafiri iandikwe na nakala moja ibaki nchi kavu, ili siku ya msiba tusiwe tunauliza walikuwa watu wangapi. Kupika kufanyike mashua ikiwa imefungwa na watu wako ukingoni. Mafuta ya mashine yakae mbali na moto. Usiku mashua ilale. Jaketi za kuokolea, zile tunazoziita jile, zinunuliwe kwa mchango wa kikundi na zikodishwe kwa bei ndogo katika bandari ya kuondokea, zikarudishwe katika bandari ya kufikia. Mwaka 2019, baada ya ajali ya Ziwa Kivu, Rais wa Jamhuri aliagiza kwamba kila msafiri avae jile. Agizo ni jema, lakini halimvishi mtu. Panahitajika mkono wa kumvisha. Na ninyi mliozaliwa mbali na maji, jifunzeni kuogelea, tena muwafundishe wadogo zenu wasichana kama wavulana.

Tunajua kwamba haya hayatoshi. Serikali ina wajibu wake: kukagua vyombo, kutengeneza barabara ili mto usibebe peke yake mzigo wote, kuweka alama penye mchanga na mawe. Wajibu huo tusiache kuudai. Lakini mkaguzi mwaminifu akija, atakuta desturi. Na desturi ikiwa ni kunyamaza, sahihi yake itanunuliwa kwa gunia moja la samaki. Ikiwa desturi ni watu kusema, hata mkaguzi dhaifu atapata nguvu. Ndiyo maana tunaanza na ninyi.

Yamkini siku ya kusema mtaonekana wajeuri. Mama mtakayemwomba apunguze gunia atalia, na kilio chake kitakuwa cha haki. Msimwache peke yake. Msaidieni kutunza mzigo wake hadi mashua ijayo, mkae naye, mmtafutie mahali pa kulala. Anayesema “hapana” ukingoni kisha akaenda zake, amefanya nusu ya kazi. Semeni kwa heshima, kwa maana nahodha ni baba yenu na anaujua mto kuliko ninyi. Mara nyingi mtagundua kwamba alikuwa akingoja mtu wa kulisema neno hilo, ili naye apate kulikubali.

Kwa mazungumzo katika kikundi:

1. Ni nani kati ya jamaa zetu anayesafiri kwa mashua? Tumewahi kumuuliza safari yake ilikuwaje, au tuliuliza tu alituletea nini?

2. Katika maisha yetu ya mjini, ni wapi penye desturi ya kusema “ongeza mmoja tu”, na sisi tukanyamaza kwa kuwa nasi tuliongezwa vile vile?

3. Parokia yetu yaweza kushirikiana na parokia ipi ya mto, na jambo la kwanza tutakalolifanya pamoja kabla ya likizo kubwa ni lipi?